Jina la Mkwe Mbele ya Karani

Mama mkwe wangu anaitwa Mukashema. Nimeandika jina hilo na tayari nimevunja mwiko, maana kwetu mke hataji jina la baba wala la mama wa mume wake, wawe hai au wawe kaburini. Akitaka kumwita anazunguka: mama wa fulani, mzee wa hapa nyumbani, yule aliyenipokea. Miaka ishirini na mitatu nimeishi na mwanawe Théogène bila kulitamka jina la mama yake mbele ya mtu. Mama mkwe mwenyewe ndiye aliyeniambia niliandike. Alisema hadithi hii isimuliwe kwa majina yake yote, kwa sababu majina ndiyo yaliyowatesa. Nimemtii, ingawa kalamu ilikuwa nzito.

Mwaka ulikuwa 1947. Serikali ya Wabelgiji ilikuwa inachukua watu kutoka Rwanda na kuwapa mashamba kwenye vilima vya Masisi, vilima ambavyo Wahunde walivijua kabla yetu. Hilo nalo lina hadithi yake, na si ya leo. Mukashema alikuja kwa kamio, lori la serikali, Théogène mgongoni, na kichwa cha baba mkwe wake kimelala magotini pake. Mumewe, Kanyamibwa, alikuwa ametangulia. Walimpa mkataba wa kazi huko Walikale, kwenye machimbo ya bati, kabla hata hajaona kilima watakachopewa. Nyirabahire, mama yake Kanyamibwa, alibaki nyuma kuvuna mtama wake. Alikuwa mwanamke asiyeacha kitu shambani, hata serikali iseme nini.

Kwa hiyo ndani ya lile kamio walikuwa mke, mtoto na mzee tu, na mzee homa ilimkamata barabarani baada ya Sake. Walipofika kwenye kambi ya kupokea wahamiaji meno yake yalikuwa yanagongana, macho wazi lakini haoni mtu. Watu wengine wa kamio walitoka vilima vingine, hawakumjua. Kitambulisho hakuwa nacho, kwa sababu alishapita umri wa kulipa kodi, na mzee asiyelipa kodi hapewi buku.

Karani wa kambi aliitwa Edmond. Alitoka mbali, upande wa Kisangani, na alikuwa na mwandiko mzuri ambao watu waliusifu bila kujua kuusoma.

"Muzee huyu anaitwa nani?" Edmond aliuliza.

"Iko mugonjwa," Mukashema akasema.

"Sikuuliza ugonjwa. Niko nauliza jina."

"Njo baba ya bwana yangu." Kwetu "njo" ni "ndiye".

"Kila muntu hapa iko baba ya muntu. Jina?"

Mzee aliitwa Makuza. Mukashema alilijua jina hilo kama alivyojua njia ya kwenda kisimani, lakini tangu siku alipoingia kwenye nyumba ile kama bibi harusi, Nyirabahire alimketisha chini akamwambia majina mawili ambayo hayatatoka kinywani mwake kamwe, lake na la mumewe. Miaka mitatu hakuyataja, wala maneno yanayofanana nayo. Sasa nyuma yake kulikuwa na mstari wa watu wenye baridi na njaa, wanaanza kunung'unika.

"Bila jina, hakuna blanketi na hakuna shamba," Edmond alisema. "Ukae pembeni, wengine bapite."

Mzee alikuwa anatetemeka. Mukashema akafikiri: akikosa blanketi usiku huu atakufa, na mimi ndiye nitakayemweleza mama yake Kanyamibwa. Akasema neno la kwanza lililomjia, jina la mjomba wake. "Ndayambaje." Edmond akaandika kwa mwandiko wake mzuri: Ndayambaje, mkubwa wa nyumba, pamoja na mke, mke wa mwana na mtoto mmoja.

Ukimuuliza kwa nini hakungoja kesho, anacheka. Anasema ninyi mliosoma mnajua sana kungoja kesho. Na mimi ninamwelewa, kwa maana mbele ya meza ya karani akili ya mtu hukimbia ikamwacha amesimama peke yake.

Siku ya tatu homa ilishuka. Mzee alisikia kapita, msimamizi wa wahamiaji, anaita "Ndayambaje! Ndayambaje!" na hakuna anayejibu. Mukashema alipiga magoti, akamweleza yote huku anaangalia ardhi. Mzee alicheka mpaka kikohozi kikamshika.

"Basi kwa karani nitakuwa Ndayambaje," alisema. "Sirudi tena kwenye ule mustari. Nyumbani ninajijua."

Ikawa hivyo. Walipewa kipande cha ardhi kwenye kilima kilicho juu ya Lushebere, udongo mweusi wenye kuvumilia maharagwe na viazi. Kapita alipoita majina, mzee alinyanyua mkono kwa Ndayambaje. Nyumbani kila mtu alimwita Baba Kanyamibwa, hata Nyirabahire, ambaye alifika miezi mitatu baadaye na mtama wake kichwani. Mke naye kwetu humwita mumewe kwa jina la mtoto wa kwanza. Hakuna aliyemwambia Nyirabahire habari ya karatasi. Mzee alitaka kumwambia, akaahirisha, kisha akaahirisha tena, na mwezi wa kumi na mbili wa 1950 akafa. Katekista alimbatiza saa za mwisho kwa jina la Athanase. Wakamzika nyuma ya nyumba.

Mwezi wa saba uliofuata, kapita alipanda kilima pamoja na mtu anayeitwa Narcisse. Narcisse hakuwa mbaya. Alikuwa na watoto saba na anaishi kwa shemeji yake, wanalala kama viazi kwenye gunia. Lakini alipokuwa anazungumza macho yake yalipima shamba kutoka mfereji mpaka uzio, na Mukashema aliyaona yanapima.

"Mwenye shamba, Ndayambaje, amekufa," kapita alisema. "Ofisi imetafuta murizi, mwana wa kubaki na shamba. Kanyamibwa wa Walikale, mu buku yake, iko mwana wa Makuza. Si mwana wa Ndayambaje. Kwa hiyo hii shamba haina muntu. Mwisho wa mwezi wa nane itapewa mungine."

Nyirabahire alikuwa anapepeta maharagwe. Akaweka ungo chini.

"Ndayambaje njo nani?" aliuliza.

Hakuna siku katika maisha yake, Mukashema anasema, aliyotamani ardhi ifunguke kama ile. Kapita alipoondoka, alieleza. Nyirabahire alisikiliza mpaka mwisho, halafu akasimama.

"Ulimupa bwana yangu jina ya mujomba yako. Miezi saba niko mujane wa muntu nisiyemujua."

"Mama, ningefanya nini? Wewe njo ulinikataza kutaja lake."

"Na ninakukataza mpaka leo. Halitatoka mu kinywa yako. Utafute njia ingine."

Unaona alivyombana: jina la uongo ni kosa, na jina la kweli ni kosa. Mimi nikiisikiliza sehemu hii nilikuwa nakasirika, nikamwambia mama mkwe kwamba bibi yule alikuwa mgumu kama jiwe la kusagia. Alininyamazisha. Alisema mtu aliyefiwa lazima ashike kitu, na Nyirabahire alishika mwiko.

Mukashema alishuka ofisini kumuuliza Edmond kinachotakiwa ili jina libadilishwe. Edmond hakufurahi kuona mwandiko wake unadaiwa makosa, lakini alimjibu. Alete karatasi ya kazi ya Kanyamibwa yenye jina la baba yake na mhuri wa kampuni. Alete karatasi ya batizo kutoka misioni. Alete mtu mmoja wa kilima cha zamani, asiye ndugu, aliyemjua mzee. Na mwisho, yule aliyetoa jina la kwanza asimame mbele ya Muzungu mkubwa wa ofisi, aseme jina la kweli kwa kinywa chake mwenyewe.

"Karatasi haziwezi kulisema?" Mukashema aliuliza.

"Ulidanganya na kinywa. Utarudisha na kinywa. Njo sheria yake."

Alimwacha Théogène na Nyirabahire, akamfunga mgongoni mtoto mchanga, Euphrasie, tunda la likizo ya mwisho ya Kanyamibwa, mwenye miezi mitano, akaenda Walikale kwa miguu. Siku tano: Nyabiondo, Mutongo, kisha msitu ambao jua halifiki chini. Yeye ni mtu wa vilima, amezoea kuona mvua ikija kutoka mbali. Ndani ya msitu mvua ilimwangukia bila taarifa. Alitembea na wanawake waliobeba mafuta ya mawese, na kila jioni alihesabu siku zilizobaki za mwezi wa nane kwa vidole, na kila jioni kidole kimoja kilikunjwa.

Kanyamibwa alitoka shimoni mwekundu wa udongo, akamtazama mke wake kana kwamba ameona maiti.

"Nani amekufa?"

"Hakuna. Shamba njo linakufa."

Alipomweleza, Kanyamibwa aliketi juu ya jiwe. Kwenda naye hakuweza. Mkataba ulikuwa na miezi tisa mbele, na aliyetoroka alirudishwa na askari. Karani wa kambi ya machimbo alikuwa safarini, wakamngoja siku nne. Siku nne hizo Mukashema anasema zilimtafuna kuliko njia yote. Hatimaye karatasi ikaandikwa, mhuri ukapigwa: Kanyamibwa, mwana wa Makuza. Alimpa mumewe asome, yeye akageuza uso.

"Ile siku uliseme jina," Kanyamibwa alimwambia wakati wa kuagana. "Mimi ninakuruhusu."

"Weye si mama yako," alijibu.

Alirudi Masisi zimebaki siku tatu. Misioni walimpa karatasi ya batizo: Athanase Makuza, amebatizwa katika hatari ya kufa. Padri alimwambia kutaja jina la mkwe si dhambi, aondoe hofu. Alimshukuru padri kwa adabu. Padri hakuwa anarudi kula na kulala katika nyumba ya Nyirabahire.

Shahidi alipatikana pia, jirani Léonard, aliyehamia baada yao, ambaye utoto wake wote alichunga kwenye kilima cha mzee kule Rwanda. Na asubuhi ya siku ya mwisho, Mukashema alipofungua mlango, Nyirabahire alikuwa amekwisha kuvaa, fimbo mkononi, yuko tayari.

"Ninaenda," alisema, na hakusema anaenda kufanya nini.

Walitembea mpaka kwenye posta ya Masisi, makao ya serikali. Mukashema alijua amekuja kusikiliza. Wako wakwe waliorudishwa kwao kwa kosa dogo kuliko hili, na watoto wakabaki. Hilo ndilo alilokuwa akilifikiria, Euphrasie akimnyonya njiani.

Ofisi ilikuwa na meza moja, Muzungu nyuma ya meza, Edmond ubavuni pake na kitabu kikubwa. Narcisse alikuwa amekaa kwenye benchi karibu na mlango, kofia magotini, kwa sababu saa sita mchana shamba lingekuwa lake. Edmond alisoma karatasi ya kazi kimoyomoyo, akaonyesha kwa kidole, Muzungu akaitikia. Karatasi ya batizo, vilevile. Léonard aliulizwa, akajibu vizuri, kwa sauti ya mtu anayeogopa kuchafua sakafu.

"Sasa weye," Edmond alimgeukia Mukashema. "Muzee uliyeleta na kamio, jina lake ya kweli njo nani?"

Mukashema alifungua mdomo. Hakikutoka kitu. Anasema ulimi ulikuwa pale pale, mzima, ila haukuwa wake.

"Jina ya muzee," Edmond akarudia.

Alimtazama Nyirabahire. Mama yule alikuwa anaangalia dirishani, mikono yote miwili juu ya fimbo.

Muzungu akasema maneno kwa Kifaransa, akachungulia saa yake. Edmond akainama mbele, na sauti yake, kwa mara ya kwanza tangu wajuane, ikawa ya mtu. "Mama, akifunga hii kitabu, siwezi kuifungua tena. Sema."

Narcisse alikohoa. Muzungu alifunika kalamu.

"Anaitwa Makuza," Mukashema akasema.

Alilisema kwa sauti kubwa kuliko alivyotaka, na lilisikika mpaka nje. Hakuthubutu kugeuka. Muzungu akafunua kalamu tena, akauliza jambo, Edmond akalitafsiri, na hapo mambo yakawa mabaya zaidi.

"Anasema, basi mwaka ile ulidanganya serikali ukijua. Jina atalibadilisha, ile ni haki ya marehemu. Lakini declaration ya uongo iko na azabu. Siku kumi na ine za gereza."

"Niko na mutoto wa kunyonya," Mukashema alisema.

"Ameona mutoto. Anasema sheria haina mutoto."

Fimbo iligonga sakafu. Nyirabahire alikuwa amesimama mbele ya meza. Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni tu, kwa hiyo alisema kwa Kinyarwanda, na Léonard, jasho likimtoka, akawa anatafsiri.

"Mwambie huyu Muzungu kwamba sheria ile ni yangu. Huyu mutoto aliingia kwangu akiwa na miaka kumi na saba, nikamwambia, jina la baba ya bwana yako usilitaje hata ukichomwa. Alikuja hapa, mukamuchoma, hakulitaja. Mimi njo nilimufundisha. Akiwa iko na kosa, kosa lake ni kunisikia. Gereza yenu iko wapi, nionyesheni."

Léonard alipofika kwenye neno gereza alinong'ona. Edmond alitafsiri yote kwa Kifaransa, polepole, bila kupunguza. Muzungu alimtazama yule bibi mwembamba, akaandika. Alipiga mstari juu ya Ndayambaje, juu yake akaandika Makuza, na chini yake mrithi: Kanyamibwa. Kwenye karatasi nyingine aliandika Nyirabahire, siku kumi na nne. Askari akamchukua kwa mlango wa nyuma. Hakumtazama mkwe wake hata mara moja.

Narcisse alivaa kofia yake akatoka. Baadaye mwaka ule alipata shamba kwingine, na niseme ukweli, nilipolisikia hilo nilifurahi.

Kila siku Mukashema alishuka kutoka Lushebere na chakula. Kila siku alimkuta Nyirabahire anafagia barabara mbele ya ofisi, mama wa miaka sitini, kanga yake imefungwa vizuri, askari kijana amesimama kivulini. Alipokea bakuli, alikula, alirudisha bakuli. Hakusema kitu. Siku ya kwanza Mukashema aliomba msamaha. Siku ya pili aliomba tena. Kufikia siku ya nane aliacha, akaanza kufikiria ni nani atakayemfulia Théogène nguo akirudishwa kwao, na kama ataruhusiwa kumchukua hata Euphrasie. Aliniambia: "Shamba nililiokoa. Niliona litalimwa na mke mwingine."

Siku ya kumi na tano alikwenda kumchukua. Walipanda kilima, bibi mbele. Walipofika, Nyirabahire hakuingia ndani. Alizunguka nyumba, Mukashema nyuma yake kwa sababu hakujua afanye nini tena. Pale kwenye kaburi bibi aliketi chini, polepole, akanyoosha miguu iliyovimba kwa kufagia.

"Padri alimuzika na jina ya Athanase," alisema. "Ofisi ilimufuta na jina ya Ndayambaje. Mimi ninamwita Baba Kanyamibwa, tangu niko musichana, na sitabadilisha leo. Hakuna muntu amemwita kwa jina yake tangu tulimuweka hapa. Anaweza kufikiri haijulikani yuko wapi."

Mukashema alimkaza mtoto mgongoni.

"Weye umekwisha kuvuka mwiko," Nyirabahire akasema. "Gereza nimemaliza, ile imelipwa. Basi umwite. Umwambie shamba imebaki."

Mama mkwe wangu anasema ofisini alilitamka jina lile kwa hofu, na pale alilia kabla hajalianza. Alipiga magoti kando ya bibi yule, akaweka kiganja juu ya udongo.

"Makuza," alisema. "Shamba imebaki."

"Tena," Nyirabahire akasema. "Masikio yake hayakuwa mazuri."